Daktari Hana Shaka

Kwa miaka mingi nimesema kwamba sikujua Bi Somoe alielewa nini siku ile. Nilijua. Nilijua pale pale, kabla hajamaliza kujifunga kanga yake ya juu, na nilikuwa na nafasi ya kumrudisha kitini nikamweleza upya. Nafasi hiyo sikuitumia, si siku ile wala siku yoyote katika miezi minne iliyofuata. Jambo hili nimelikana mbele ya mume wangu, nimelikana kwa padri, na mara moja nimelikana mbele ya darasa zima la chuo kikuu, kijana mmoja aliponiuliza kama niliwahi kufanya kazi ya ukalimani. Nilimjibu kwamba niliifanya kwa muda mfupi hospitalini nilipokuwa msichana, na nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba nilikuwa natafsiri neno kwa neno. Hilo ni kweli, na ndilo linalonitia aibu zaidi. Laiti ningekosea tafsiri, leo ningekuwa mtu aliyekosea tu.

Kilichonifanya niandike ni sahani ya pilau. Mwezi uliopita Tatu, binti wa Bi Somoe, alinialika nyumbani kwake Kinondoni kwenye hitima ya kila mwaka ya kumrehemu mama yake. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Siku hizi ni mwanamke mnene mwenye wajukuu na sauti ya kuendesha mtaa mzima, lakini aliponiona mlangoni alikunja goti kidogo akasema, "Shikamoo, dada Agnesi," kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka kumi na minne. Baada ya dua, wanawake walipokaa mkekani kuzunguka sinia, akawaeleza mabinti zake mimi ni nani. "Huyu ndiye aliyemkalimania bibi yenu kwa Mzungu. Bibi yenu aliambiwa wazi, una ugonjwa, ukatwe. Akamkazia macho yule Mzungu, akasema mie siguswi na kisu mpaka nimtoe mwali wangu. Mwali mwenyewe ndiye mie. Mwanamke alikuwa yule. Au nasema uongo, dada?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo mtu angeweza kuielewa apendavyo, ufundi ambao ninao tangu zamani. Binti mmoja akasema, "Bibi alikuwa kiboko," na mikono ikarudi kwenye sinia. Nilikula pilau yote. Nilisindikizwa na kifurushi cha nyama.

Wasomaji wangu wananifahamu kwa jambo jingine. Kwa muda mrefu nimekuwa na safu gazetini ambamo ninawasahihisha watu Kiswahili chao. Nimewahi kumwandikia mkuu wa idara fulani ya serikali, hadharani, kwamba tangazo lake lina maana mbili na kwamba mtu mzima hana budi kujua msikilizaji wake atashika ipi. Nilipongezwa sana kwa makala ile. Mume wangu aliikata akaibandika ukutani, nami kila nilipopita mbele yake niligeuza uso upande wa dirisha.

Mwaka ninaousema ni ule ambao picha ya Mfalme iliteremshwa kutoka ukuta wa ofisi yetu ikapandishwa ya Malkia. Kati ya kuteremsha na kupandisha yalipita majuma kadhaa, na pale ukutani pakabaki mraba wa chokaa safi ambao wagonjwa waliutazama kwa heshima ile ile. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Tabora na cheti cha shule na Kiingereza nilichokiamini kupita kiasi, na nimeajiriwa katika chumba cha eksirei cha hospitali moja ya mjini ambayo sitaitaja, maana kosa ninaloeleza halikuwa lake. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Upande mmoja palikuwa na mashine, katikati pazia zito jeusi, na nyuma ya pazia chumba cha giza ambamo picha zilichovywa katika dawa na kutundikwa kwenye kamba, zikidondosha maji kama nguo. Harufu ya dawa ile iliingia mpaka kwenye chakula. Nilikuwa nikifungua kibweta changu cha mihogo ya kuchemsha saa sita mchana na mihogo inanuka siki.

Daktari wa chumba kile wagonjwa walimpa jina la Bwana Kivuli, kwa sababu ndilo neno pekee la Kiswahili alilolitamka bila kosa. Alikuwa Mwingereza mkimya, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuinamia taa. Alikuwa amesoma katika majarida kwamba huko ng'ambo kuna watu wameanza kupiga picha za matiti, naye akajaribu kwa mashine ile ile ya vifua na mifupa. Wenzake walimcheka. Walisema vidole vya daktari vinatosha. Yeye alisema vidole vinaambiwa kuna kitu, haviambiwi ni kitu gani. Hata picha yake, alinieleza, haisemi kama mtu ana kansa au hana. Inasema tuogope kiasi gani. Akavigawa vivuli mafungu matatu. La kwanza ni kivuli chenye kingo laini, kama yai lililolazwa juu ya karatasi. Huyo aende nyumbani kwa amani. La pili ni kivuli ambacho ukingo wake umefifia upande mmoja, hujui kinaishia wapi. Huyo arudi baada ya muda apigwe tena. La tatu ni kivuli chenye miiba, kama mbigili, na ndani yake punje nyeupe ndogo ndogo kama chumvi iliyomwagika mezani. Huyo aende kwa daktari mpasuaji wiki hiyo hiyo, kitolewe, kikapimwe. Alinionyesha mfano wa kila fungu kwenye taa, tena na tena, mpaka nikaweza kuyatofautisha kabla hajafungua mdomo. Nilijiona daktari.

Mimi niliajiriwa kwa sababu wanawake hawakukubali kuvua mbele ya mkalimani mwanamume. Bwana Kivuli alitaka kila mwanamke asikie maneno yale yale, yasibadilike kwa kutegemea mkalimani ameamkaje, kwa hiyo akanipa sentensi tatu za Kiingereza nizichape kwa Kiswahili kwenye kadi. Sentensi ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi. Ya pili, kwamba hatuna hakika. Ya tatu, kwamba daktari ana hakika kabisa kuwa jambo hili ni la hatari. Nilikaa na taipureta alasiri nzima. Nilitaka sentensi fupi zenye mizani, zinazofanana kama ndugu. Nikachapa: *Hakuna shaka. Kuna shaka. Daktari hana shaka.* Niliisoma kwa sauti, nikaipenda. Kwamba ya kwanza na ya tatu, masikioni mwa mtu aliyekaa kwenye benchi huku ameshika kifua, ni kitu kimoja, hilo halikunijia. Kwetu mtu akitaka kumtuliza mwenzake humwambia usiwe na shaka. Bwana Kivuli akaisaini.

Nilipanga chumba Temeke, katika nyumba ya Bi Somoe, na nyumba yenyewe ilikuwa kama nyingine zote za mtaa ule: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na nyuma uani ambako ndiko watu walikoishi hasa. Bi Somoe alikuwa Mzaramo wa miaka arobaini na kitu, mjane, mpishi wa vitumbua. Mimi ni Mnyamwezi, na kwa hiyo tangu jioni niliyoingia na sanduku langu tulikuwa watani, na utani huo ulikuja na haki zake zote. Asubuhi nilimwamkia "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba" kwa utulivu wa mtu mzima, na neno lililofuata lilikuwa tusi. "Mnyamwezi umeamka? Nilidhani umekufa humo ndani, nikaanza kupanga nani nimpe chumba." Nami nilitakiwa nijibu. Nikinyamaza aliona namkosea adabu. Ningesema, "Nikifa nani atakufundisha kuoga?" na Mama Chausiku, jirani wa chumba cha pili, angecheka mpaka moto umzimikie. Chakula cha jioni tulikula pamoja uani, wali na mchuzi wa nazi wa papa mkavu siku za neema, ugali na kisamvu siku nyingine, na kupitia ukuta wa chumba cha ndani tulisikia sauti ya Tatu akiomba aongezewe pilipili. Tatu alikuwa amewekwa ndani. Alikuwa mwali, haonekani na wanaume, haendi kokote, anafundwa na somo wake, na mwaka mzima wa nyumba ile uliongozwa na siku moja iliyokuwa mbele: siku atakayotolewa nje kwa ngoma, na mama yake kucheza mbele ya Temeke nzima.

Siku moja asubuhi nilikuwa natoka bafuni, Bi Somoe akanishika mkono. "Wewe unayekaa na mashine ya kuchungulia watu, hebu gusa hapa." Akakiweka kidole changu upande wa juu wa titi la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu cha ukubwa wa korosho, kimejishika, hakitelezi. "Kinauma?" nikamuuliza. "Kingeuma ningekuuliza wewe?" akasema. "Ningekwenda kwa mtu mwenye akili." Nilimwambia aje hospitali. Sitajifanya kwamba nilifikiria uhai wake tu. Bwana Kivuli alikuwa akilalamika kwamba wanawake hawaji, na mimi nilitaka kumpelekea mmoja.

Alikuja na kanga mpya. Kwenye mashine alitulia, akatii kila nilichomwambia, akashusha pumzi nilipomwambia ashushe. Kisha akakaa kwenye benchi, na mimi nikaingia nyuma ya pazia. Picha ilikuwa bado inadondosha maji pale Bwana Kivuli alipoipandisha kwenye taa. Hakuhitaji kunieleza, mbigili niliuona mwenyewe, na chumvi. Lilikuwa fungu la tatu, la kwanza kulipata tangu nianze kazi. Akatoka, akavuta kiti akaketi mbele ya Bi Somoe, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hana shaka, na kwamba anasikitika. Nikatoa kadi mfukoni.

"Daktari ameitazama picha," nikasema. "Daktari hana shaka."

Bi Somoe akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akafumbua na kucheka, kicheko kile cha uani, akaanza kujifunga kanga. "Na wewe Mnyamwezi umenitia homa wiki nzima. Mwambie Bwana Kivuli Mungu ampe mke wa pili, huyu wa kwanza hampikii, tazama shingo."

Bwana Kivuli aliuliza amesema nini. Nikasema anamshukuru. Aliuliza kama ameelewa. Nikasema ndiyo, bwana. Akamtazama kwa mshangao, akasema huyu ni mwanamke jasiri, hajawahi kuona mtu akiipokea habari hivi. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Mtu huyu anasikitika, mtu yule anacheka, na mimi peke yangu chumbani nilikuwa najua kwamba wanazungumza vitu viwili. Nilitakiwa niseme sentensi moja zaidi. Lakini sentensi hiyo ingemwambia Bwana Kivuli kwamba kadi aliyoisaini imeandikwa na mjinga, na ingemfanya Bi Somoe aache kucheka, na mimi niwe ndiye niliyemfanya aache. Nikaipima, nikaimeza.

"Aende lini kwa mpasuaji?" daktari akauliza.

Nikamgeukia Bi Somoe. "Daktari anauliza utarudi lini, kuonana na daktari mwingine."

"Mwingine wa nini tena?"

"Kukuangalia tu."

"Nikishamtoa mwali wangu. Sasa hivi sina nafasi hata ya kujikuna."

Nikamwambia Bwana Kivuli kwamba ana sherehe ya binti yake, atakuja baada ya hapo. Akakunja uso. Akasema nimweleze kwamba kuchelewa si vizuri. Nikamwambia, "Daktari anasema usichelewe." Akasema, "Sichelewi." Maneno hayo ya mwisho yalitafsiriwa sawasawa. Ukiyaweka leo mbele ya mtahini yeyote wa lugha, atanipa alama za juu.

Siku hiyo hiyo jioni nilijaribu kumwambia. Nasema nilijaribu, kwa sababu kwa miaka mingi jaribio hilo lilikuwa ndilo ngao yangu ya pili. Tulikuwa uani, Bi Somoe anakuna nazi, Mama Chausiku anapeta mchele. Nilikuwa nimelipanga neno njia nzima kwenye basi, lakini nilipofungua mdomo likatoka limevaa nguo ya utani, kwa sababu ndiyo nguo pekee tuliyokuwa tumezoeana nayo. "Bi Somoe," nikasema, "kile kitu kitakuua. Usipokwenda ukakatwe utakufa nacho, na mie nitakuja kula ubwabwa wa msiba wako."

Mama Chausiku akaacha kupeta, akatutazama tunavyoanza. Bi Somoe hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mbuzi. "Utakula, lakini utakaa na watoto, mlango wa nyuma," akasema. "Na kaburi utachimba wewe. Mnyamwezi kazi yake si kubeba mizigo? Utanibeba mpaka huko."

"Nasema kweli," nikasema.

"Na mie nasema kweli. Lete hilo chicha hapa."

Mama Chausiku akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mwenzake atakufa. Ruhusa hiyo ndiyo inayofanya neno lake lisiwe na uzito. Nilijua hivyo tangu utotoni, na nililichagua neno hilo kwa sababu nilijua. Ningeweza kumwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwita mama, nikalia. Kilio kingetosha. Mtani halii.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo sijawahi kumwambia mtu, maana linafunga kila tundu la kutorokea. Wiki iliyofuata niliichana ile kadi. Nikachapa nyingine, na safari hii sentensi ya tatu ilisema: *Kuna hatari ya kansa, inakupasa upasuliwe haraka.* Nilimwambia Bwana Kivuli kwamba ya kwanza imelowa dawa. Akasaini bila kuuliza. Baada ya majuma mawili akaja mama mmoja wa Kisiwani, jina lake silikumbuka, fungu la tatu. Nikamsomea ile kadi mpya. Alilia, nikamshika bega, akapasuliwa Jumatatu. Kwa hiyo sihitaji mtu wa kunieleza kwamba nilikuwa kijana, au kwamba nilikuwa sijui.

Miezi iliyofuata ilijaa kazi. Mchele ulinunuliwa na kuchambuliwa, sare ya kanga ikachaguliwa, ikakataliwa, ikachaguliwa tena. Jioni wanawake walikuja kujizoeza nyimbo, na kutoka chumba cha ndani Tatu aliwasahihisha kwa kupiga ukuta. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nikimtazama Bi Somoe akitwanga, nikahesabu mikono. Kwanza alitwanga kwa yote miwili. Baadaye mkono wa kushoto ukawa unashika tu mchi, haufanyi kazi. Baadaye akamwita Mama Chausiku atwange. "Nimelalia mkono vibaya," alisema. Siku moja nilimsaidia kujipaka dalia, ule unga wa manukato, kwa ajili ya ngoma ya jirani, nikaona ngozi ya titi imejikunja na kutoboka vijishimo, kama ganda la chungwa. Nikamaliza kumpaka. Nikamwambia, "Mama, kesho twende hospitali." Hilo nililisema bila utani, na nadhani alisikia tofauti, kwa sababu alinigeukia. "Si umeniambia mwenyewe hana shaka?" akauliza.

Nikasema, "Alisema urudi."

"Nitarudi. Zimebaki siku kumi na mbili, Agnesi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. "Usiniharibie siku kumi na mbili."

Sikumharibia. Tatu alitolewa Jumamosi, amebebwa mabegani, uso umefunikwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, na mtaa mzima ukatoka. Bi Somoe alicheza. Mkono wa kushoto aliufunga ndani ya kanga kana kwamba ndiyo mitindo, akacheza na wa kulia peke yake, na wanawake wengine wakaona ni madaha, wakafunga mikono yao vile vile wakamfuata. Nilisimama pembeni na sahani yangu. Watu walisema hawajaona mama wa mwali aliyecheza vile. Ni kweli, na mimi nilikuwa nahesabu majuma.

Jumatatu asubuhi, kabla sijavaa viatu, alikuwa ameshakaa ukumbini amejifunga, na kikapu kiko miguuni. "Twende kwa huyo daktari wako mwingine," akasema. "Mie mtu nikiahidi nimeahidi." Bwana Kivuli alimpiga picha ya pili, akaiweka kwenye taa pembeni ya ile ya kwanza. Zilikuwa kama picha za watu wawili, mzazi na mtoto, ila mtoto ndiye wa kwanza. Hakumlaumu. Alimwandikia karatasi, na mara hii nilimsomea Bi Somoe kila kitu, hatari, kansa, kisu, kwa Kiswahili kisicho na maana mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Haya yameingia lini?" Nikasema picha mpya ndiyo imeonyesha. Hata hapo.

Niseme sasa yaliyokuja baadaye, kwa sababu nikiyaacha mwisho nitayatumia kujipamba. Alipasuliwa siku ya Alhamisi. Jumapili nilikwenda kumwona na machungwa, Tatu na Mama Chausiku wakiwa wameketi kitandani, na mkalimani wa wodi, mwanamume, akawa anasoma cheti cha hospitali cha Bi Somoe kwa sauti kwa faida ya Tatu. Akafika mahali akasoma kwamba mgonjwa alielezwa hali yake mapema akakataa kupasuliwa. Tatu akamgeukia mama yake. Bi Somoe akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kumenya chungwa zima, na nikaona anarudi nyuma, benchi, kadi, kicheko, uani, anapita kila mahali nilipopita. Kisha akasema, "Ndiyo, nilikataa. Mie na kisu cha Mzungu wapi na wapi." Tatu akaushika mkono wake akaubusu. Nimetafuta sababu yake kwa miaka mingi. Labda hakutaka binti yake ajue mama yake alichekeshwa na kifo chake mwenyewe. Labda aliona heri awe mkaidi kuliko kuwa mjinga. Kuna wakati nilijiambia alinihurumia, na hilo nimeliacha, maana ni mimi ninayejihurumia. Hakunitania tena. Aliniita Agnesi mpaka mvua za vuli, alipofariki, na msibani, Wanyamwezi wa mtaa walipokuja kudai ubwabwa wao kwa kelele kama desturi inavyoruhusu, mimi nilikaa chumbani nimefunga mlango.

Lakini kile cheti kiliandikwaje? Nimebaki na hilo tu.

Alhamisi ile, yapata saa nane mchana, simu ya chumba cha eksirei ililia. Bwana Kivuli alikuwa ndani ya chumba cha giza na picha zimefunguliwa. Hakuweza kutoka bila kuziharibu. Nikainua mimi. Alikuwa yule daktari mpasuaji, Mskochi mwenye sauti ya kuchoka, amemaliza muda huo huo. Akasema alichokitoa ni kikubwa, na kwapani kumejaa, mitoki imeshikana kama shanga, na kwamba maabara watapima lakini yeye hahitaji kuwasubiri. Akasema ana mbele yake taarifa yetu ya miezi minne iliyopita, na imeandikwa wazi kabisa, fungu la tatu. Angempata wakati ule, akasema, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akataka kujua kwa nini mwanamke huyu alikaa miezi minne.

Nikaita kwa sauti kupitia pazia kwamba daktari mpasuaji anauliza kwa nini Bi Somoe alichelewa. Kutoka gizani Bwana Kivuli akajibu kwamba aliambiwa, yeye mwenyewe alikuwepo, mwambie aliambiwa. Nikasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Kisha akaongeza, kwa upole, "Si ndivyo, Agnesi?"

"Aliambiwa," nikasema kwenye simu.

"Kwa lugha yake?"

"Kwa lugha yake, bwana."

"Na akaelewa?"

Nikasema ndiyo.

Daktari mpasuaji akavuta pumzi. Nilisikia kalamu yake ikitafuta mahali kwenye karatasi. "Basi alikataa," akasema. "Lazima niandike kitu. Niandike kwamba alikataa?"

"Andika, bwana," nikasema, naye akaandika, akanishukuru, akakata.